"Nipe Mji": Michezo ya Wafanyao Kazi Mbali kwa Mbali

Wahenga walinena kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka. Zama zimegeuka, na leo nyoka wengi huuawa kwa fimbo ya mbali. Karani aketiye Garissa, kando ya mto Tana, huandika hesabu za ofisi iliyo Nairobi, mwendo wa kilomita 370 hivi kwa barabara. Kijana aliye Dadaab hufasiri barua za watu asiopata kuwaona uso. Kundi moja la kazi laweza kuwa na mtu Mandera, wa pili Wajir, wawili Garissa na watano Nairobi, nao wote wana mkubwa mmoja na mshahara wao watoka mfuko mmoja.

Lakini mfuko kuwa mmoja hakuwafanyi watu wakawa wamoja. Waliozoea kufanya kazi chini ya dari moja hujuana kwa mambo madogo madogo: huyu hanywi chai ya tangawizi, yule mtoto wake ni mgonjwa, huyu akinyamaza ujue amekasirika. Aliye mbali hana njia ya kuyajua hayo. Humjua mwenzake kwa barua za kikazi tu, na barua ya kikazi haina uso. Ndiyo maana neno dogo, "Mbona umechelewa?", likisemwa ana kwa ana huwa mzaha, na likiandikwa kwenye simu huwa ugomvi wa wiki nzima.

Kwa kulitambua jambo hili, maofisi mengi duniani yameingiza michezo katika kazi ya mbali. Mtindo huo ulishika kasi mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga milango ya ofisi. Hapa Kenya mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 13 Machi mwaka huo, na muda si muda waliokuwa wakionana kila siku wakawa wanaonana katika vidirisha vya Zoom. Palipokuwa na kikao pakaongezwa mchezo: maswali ya chemshabongo, kukisia picha, kutafuta kitu nyumbani upesi na kukionyesha mbele ya kamera. Korona ilipopungua, wengi hawakurudi ofisini moja kwa moja. Siku mbili huenda, siku tatu hubaki nyumbani, na michezo nayo ikabaki.

Leo, msomaji mpenzi, twataka kuitazama michezo hiyo kutoka upande wa Garissa na Kaskazini Mashariki. Ukitaka kujua kama kamba ni imara, itazame mwisho wake, pale inapovutwa sana.

UMBALI USIO WA HIARI

Mtu wa Nairobi akifanya kazi nyumbani, aghalabu amechagua. Msongamano wa magari umemchosha, au amependa kuwa karibu na wanawe. Kaskazini Mashariki mambo ni mengine. Huko umbali umeletwa na ardhi yenyewe, na kwa miaka mingi umezidishwa na hofu.

Sote twaikumbuka alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, Chuo Kikuu cha Garissa kiliposhambuliwa na watu 148 wakapoteza maisha. Miezi michache kabla yake, Novemba 2014, abiria 28 waliuawa baada ya kushushwa katika basi lililokuwa limetoka Mandera, na miongoni mwao walikuwamo walimu. Mapema mwaka 2020 walimu wengi wasio wenyeji waliondolewa katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera kwa sababu ya usalama. Aidha, milingoti ya simu imelipuliwa mara nyingi katika sehemu za mpakani, na mlingoti ukianguka mji mzima hunyamaza. Kwa hivyo kazi nyingi ambazo zingefanywa na watu walioketi pamoja zikawa zafanywa na watu waliotawanyika, mwenyeji akiwa huko na mgeni akiwa Nairobi, kila mmoja akimtegemea mwenziwe asiyemwona.

Pana na Dadaab, kilomita 100 hivi kutoka mjini Garissa ukielekea mpaka wa Somalia. Kambi zake zilianza mwaka 1991, nazo ni Ifo, Dagahaley na Hagadera. Wamezaliwa humo watu ambao sasa wana watoto wao. Kwa miaka mingi mkimbizi hakuruhusiwa kutoka kambini bila kibali cha safari. Hata hivyo elimu iliwafuata humo. Mwaka 2013 ulianza mpango uliovihusisha vyuo vikuu vya Kenyatta na Moi vya hapa Kenya, pamoja na York na British Columbia vya Kanada, ambapo wanafunzi wa Dadaab walisoma nusu kwa kumwona mwalimu na nusu kwa mtandao. Baadaye vijana wa kambini walifundishwa kutafuta kazi za mtandaoni, kama vile kufasiri, kunakili sauti na kuchora matangazo.

Mtu kama huyo hawezi kualikwa kwenye karamu ya ofisi jijini. Hawezi kuambiwa, "Njoo Ijumaa tule biriani tujuane." Kwake yeye mchezo wa mbali ndiyo baraza pekee atakayoketi na wenziwe. Ukimfungia nje ya mchezo, umemfungia nje ya nyumba.

MICHEZO INAYOWASAHAU WALIO MBALI

Hapo ndipo penye kasoro. Michezo mingi tuliyoipokea imetungwa na watu wenye mtandao wa kasi. Hushinda anayebonyeza kwanza. Sasa fikiri: wa Nairobi hulipata swali papo hapo, wa Garissa hulipata baada ya pumzi mbili, na wa Dadaab picha yake imeganda, mdomo wazi, wenziwe wacheka. Mara ya kwanza atacheka nao. Mara ya pili atasema bando limekwisha. Mara ya tatu hatakuja, na mkubwa wake ataandika kwamba hana moyo wa kushirikiana.

Kasoro ya pili ni maswali yenyewe. Ukiuliza juu ya filamu za Marekani na wachezaji wa mpira wa Uingereza, umewapa ushindi wale wale wa kila siku. Aliyekulia Wajir ajua majina ya ngamia kwa umri wao na ajua kisima kipi maji yake ni ya chumvi, wala hakuna amwulizaye.

Kasoro ya tatu yatugusa sisi wa dini. Upo mchezo mashuhuri ambao kila mtu hutaja mambo mawili ya kweli juu yake na moja la uongo, wenziwe wakakisia uongo ni upi. Wauchezao hawana nia mbaya. Lakini yamepokewa maonyo ya Mtume (S.A.W.) juu ya mtu asemaye uongo ili awachekeshe watu, na wako Waislamu ambao moyo wao hautulii hapo, wakanyamaza wasionekane washamba. Hali kadhalika mchezo ambao kila mmoja hutoa pesa na mshindi akazoa zote. Hiyo ni kamari hata ikiitwa jina gani.

Je, tuseme basi michezo ya mbali haifai? Hasha. Kucheza na mtu usiyemwona ni jambo la kale kuliko simu, na waliotutangulia waliijua siri yake.

WALIOCHEZA KABLA YETU

Mwaka 1824 wacheza sataranji wa Edinburgh na wa London walianza mchezo kwa barua. Hoja moja ikiandikwa, ikapelekwa na gari la posta, na jibu likangojwa. Mchezo ulikwisha mwaka 1828, na Edinburgh wakashinda. Mwaka 1970, mwezi wa Juni, Andriyan Nikolayev na Vitaly Sevastyanov walikuwa angani ndani ya chombo Soyuz 9, na wakacheza sataranji na wenzao waliobaki ardhini, hoja zikipelekwa kwa redio. Walitoka suluhu. Hao walikuwa wafanyakazi waliotumwa mbali kweli kweli, na hawakuhitaji kasi. Walihitaji zamu tu: hoja yangu, kisha yako.

Nasi pwani tulikuwa na yetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, alijibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu, mkubwa wao akiwa Zahidi Mngumi. Jambo lenyewe lilikuwa zito, maana Mombasa na Lamu zilikuwa katika uhasama uliofika hadi vita vya Shela. Lakini adabu yake ilikuwa ya mchezo: shairi likisafiri kwa chombo, likisomwa, likifumbuliwa, na jibu likirejeshwa. Aliyechelewa na upepo hakuhesabiwa ameshindwa. Alihesabiwa ameshindwa asiyekuwa na jibu.

Wasomali wana mfano ulio mkubwa zaidi. Mwaka 1979 mshairi Maxamed Xaashi Dhamac, ajulikanaye kwa jina la Gaarriye, alitunga shairi la kuukemea ukabila. Wenziwe walimjibu, na waliojibu wakajibiwa, mpaka washairi wengi wakaingia, akiwamo Hadraawi aliyefariki mwaka 2022. Wasomali huuita mfululizo kama huo silsilad, neno ambalo msomaji wa pwani atalitambua mara moja. Silsila hiyo yaitwa Deelley, kwa kuwa sharti lake lilikuwa herufi moja: kila mstari wa kila mshairi lazima uwe na neno lianzalo kwa sauti ya D. Mashairi yalisafiri katika kaseti, mkono kwa mkono. Aliyetaka kuingia hakuomba ruhusa ya mtu. Alilishika sharti, akatunga, akaipeleka kaseti yake.

Na pale Dadaab penyewe, katika miaka ya 1990, kabla ya simu za mkononi kufika, watu walizungumza na jamaa zao wa mbali kwa redio za upepo walizoziita taar. Mtu alingoja saa yake, akaitwa jina, akasema yake huku wengine wakisikia. Watu wa kambi, basi, waliijua adabu ya kusema kwa zamu kabla ya hao wa Zoom.

MICHEZO MINNE YA KUJARIBU

Kwa kuifuata siri hiyo ya zamu, nawaletea michezo minne ambayo kundi lolote laweza kuicheza, hata kwa ujumbe mfupi wa simu ya kitochi.

Wa kwanza ni kitendawili, na khasa ule mwisho wake tunaousahau. Watoto wetu wajua "Kitendawili!" na "Tega!" Wajua pia kwamba wakishindwa, mtegaji husema, "Nipeni mji." Hupewa mji, akaenda kwa maneno, akasimulia aliyoyaona na aliyoyala huko, ndipo akarudi na jibu. Katika kundi la kazi, sharti liwe hili: mji utakaotolewa uwe ni ule wa mmoja wa kundi, na mwenye mji ndiye hakimu wa safari. Bwana wa Nairobi akipewa Mandera, asimulie safari yake. Akisema amekula samaki wa baharini, mwenye Mandera atamrudisha njiani, amweleze kuwa mji huo umeketi pembeni pale Kenya, Ethiopia na Somalia zinapokutana, na kinacholiwa huko ni hiki na hiki. Kwa dakika kumi, mji ulio mwisho wa ramani huwa ndio kitovu. Wasomali nao wana vitendawili vyao, viitwavyo hal-xiraale, kwa hivyo hapana atakayekosa cha kutega.

Wa pili ni shax. Hiyo x ya Kisomali isome kama ha ya neno "Haji" lisomwapo Kiarabu. Huu ni mchezo unaochezwa chini ya miti huko Kaskazini Mashariki, ukichorwa mchangani. Huchorwa miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine, ikaunganishwa kwa mistari katikati ya pande zake. Hapo hupatikana vituo 24, na kila mchezaji ana kete 12, ziwe vijiwe au vijiti. Huweka kete kwa zamu mpaka vituo vyote vijae, wala hapana kula wakati huo. Vikisha kujaa, aliyetangulia kupanga tatu mstari mmoja, iitwayo jare, ndiye aondoaye kwanza kete ya mwenziwe, kisha mwenziwe naye aondoe moja. Kutoka hapo kete husogea kituo kimoja kimoja, na kila upangapo tatu wala moja.

Sasa tazama hikima yake. Vipe vituo nambari, 1 hadi 24, na kila mtu achore mchoro wake katika karatasi. Hoja nzima ni nambari mbili: "7 kwenda 8." Ujumbe huo hupita hata mtandao ukiwa dhaifu, na haudai bando. Mlingoti ukizimika siku mbili, mchezo husubiri pale pale ulipoachwa. Tena shax ina tabia njema: watazamaji huruhusiwa kusema. Wazee huketi kandoni wakishauri, "Usisogeze hiyo!" Kwa hivyo watu wawili wakicheza, kundi zima limo mchezoni, na kwa mara moja mwenyeji wa Garissa ndiye mwalimu, na mkubwa wake wa Nairobi ndiye mwanafunzi. Jambo hilo peke yake lina faida kuliko semina tatu.

Wa tatu ni ubeti wa silsila. Mmoja hutunga mstari wa mizani kumi na sita, vina vikajulikana, na kila mwenzake akaongeza mmoja, akitaja alipo. Haidhuru mtu hakuzaliwa malenga. Mfano wake, nilioutunga mimi kwa ajili ya ukurasa huu, ni kama hivi, wa kwanza akiwa Garissa, wa pili Wajir, wa tatu Dadaab na wa nne Nairobi:

Asubuhi ya mtoni, jua kwangu limekuja,
Nami Wajir kisimani, ngamia wote wangoja,
Nami nilipo kambini, mtandao haujaja,
Nairobi mvuani, sauti zaja pamoja.

Huyo wa Dadaab huenda mstari wake ukafika mwisho wa yote, jioni, mtandao urejeapo. Hapana neno. Nafasi yake ya tatu imewekwa, hapana aikaliaye. Asiyejua kutunga kwa Kiswahili na atunge kwa Kisomali kwa kuishika herufi moja, na mwenzake amfasirie.

Wa nne ni sauti ya mahali. Kila mtu hunasa kwa simu sauti ya nukta chache kutoka alipo, akaituma bila maelezo, na wenziwe wakisie. Wa Garissa atatuma kelele za korongo wale wakubwa, marabu, wakaao juu ya miti ya mji. Mwingine atatuma koor, ile kengele ya mbao ya shingoni mwa ngamia. Wa Nairobi atatuma makanga wa matatu. Wa Mombasa, kama yumo, atatuma mashata yakigongana na mawimbi. Mchezo huu ndio badala njema ya ule wa uongo, kwani hapana aliyedanganya na wote wamekisia.

ADABU ZAKE

Mchezo hauharibiwi na kukosa vifaa kama unavyoharibiwa na kukosa adabu. Mwenye kuongoza kundi ni wajibu wake kuzishika hizi chache.

Gharama ya bando na iwe juu ya mwajiri. Mchezo ulioamrishwa na kazi hauchezwi kwa pesa za mfanyakazi. Saa na ichaguliwe kwa kuwajali wote: isiwe Ijumaa adhuhuri, wala magharibi, wala katika Ramadhani saa ya mtu kuandaa futari. Kamera isiwe sharti. Mwanamke aliye chumbani kwake na wanawe, au mtu akaaye hemani na jamaa saba, ana haki ya sitara yake, na sauti yatosha. Tuzo na iwe zawadi atoayo mwenye ofisi, pasiwe na mchango wa wachezaji. Na asiyetaka kucheza aachwe, kwani furaha ya kulazimishwa haina utamu.

La mwisho ni la zamu. Ikiwa mmoja wa kundi amepotea hewani, mchezo na umngoje, au mwenzake amshikie kete yake mpaka arudi. Hilo ni dogo kulitaja na ni kubwa kwa anayefanyiwa. Mtu aliyengojwa katika mchezo hujua kuwa atangojwa na katika kazi, na siku ya shida, siku barabara imefungwa au habari mbaya zimetoka mjini kwake, hatasita kuwaambia wenziwe kuwa anaogopa. Huko Kaskazini Mashariki, kusema mapema au kunyamaza kwaweza kuwa ndiyo tofauti ya salama na hasara.

Basi wakubwa wa maofisi, kabla ya kununua michezo ya ng'ambo kwa dola, ulizeni kwanza wenzenu wa Garissa, Wajir na Mandera wanacheza nini jioni chini ya mti. Kisha chukueni karatasi, mchore miraba mitatu, na hoja ya kwanza mpeni aliye mbali kuliko wote.